Kupima usalama wa dondoo la mwarobaini kwa panya wa maabara: kuanzia majani hadi ripoti

Mwarobaini umepewa jina kwa sababu ya magonjwa arobaini unayosemekana kuyatibu. Jina halisemi lolote kuhusu sumu. Majani yake huchemshwa karibu kila pwani ya Afrika Mashariki na watu hunywa bila kudhurika papo hapo. Mafuta ya mbegu zake ni habari nyingine: mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti katika jarida la Lancet watoto walionyweshwa mafuta hayo wakatapika, wakasinzia, wakashikwa na degedege, na ini likaharibika. Mti ni uleule. Kwa hiyo swali la "mwarobaini una sumu?" halijibiki maabara. Linalojibika ni hili: sehemu hii ya mti, iliyoandaliwa hivi, kwa kiasi hiki, kwa siku hizi, inamfanya nini mnyama?

Hapa tunafuata dondoo la maji la majani makavu, kwa panya weupe wakubwa aina ya Wistar, kupitia majaribio mawili: la dozi moja kwa mwongozo namba 423 wa OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima kemikali, na la siku 28 kwa mwongozo namba 407. Anayefanya kazi na mlonge, shubiri au mugariga, ule mti wa kikombe cha Loliondo cha mwaka 2011, atafuata njia hiyohiyo na kubadilisha namba tu.

Jambo moja liwe kichwani tangu mwanzo hadi mwisho. Panya anaweza kufa au kuugua kwa sababu nyingi ambazo si mmea: mkono wa anayemnywesha, ukungu kwenye majani, maranda ya kizimbani, kiyeyushi kilichobaki. Karibu kila hatua hapa chini ipo ili sababu hizo zifungwe mlango.

Kibali kwanza

Bila kibali cha kamati ya maadili ya chuo au taasisi yako, panya hawaagizwi. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na mtafiti huhitaji pia kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Majarida mengi hayapokei kazi isiyo na namba ya kibali, na kibali hakitolewi baada ya panya kufa. Kamati itauliza mambo matatu yaliyopendekezwa na Russell na Burch mwaka 1959: je, kuna njia isiyotumia wanyama, je, idadi inaweza kupungua, na je, mateso yanaweza kupunguzwa? Jibu kwa namba. Usijibu kwa maneno mazuri.

Njia nafuu ya kuanza bila panya ni jaribio la viluwiluwi wa Artemia, kamba wadogo wa maji ya chumvi. Mayai yao huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Unaweka kumi kwa kila kichupa chenye dondoo la viwango tofauti na kuhesabu waliokufa baada ya saa 24. Haliwezi kuchukua nafasi ya panya, lakini dondoo linaloua viluwiluwi kwa kiwango kidogo sana linakuonya usianze na dozi kubwa.

Majani hadi unga

Chuma majani pamoja na kitawi chenye ua au tunda, kikaushe kwa kukibana kwenye magazeti, ukipeleke hebaria ya chuo, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ili mtaalamu wa mimea athibitishe jina na kukupa namba ya sampuli. Mwarobaini ni Azadirachta indica, na ndugu yake Melia azedarach hufanana nao hasa ukiwa mchanga. Huyo wa pili ana matunda yenye sumu kali. Kosa hapa linabatilisha kila kitu kinachofuata, na ni kosa lisiloonekana tena majani yakishakuwa unga.

Usichume kando ya barabara kubwa wala karibu na shamba linalopuliziwa dawa. Osha, tandaza kivulini kwenye chekeche kwa unene wa safu moja, geuza mara mbili kwa siku. Majani yaliyorundikwa hupata ukungu chini huku juu yakionekana makavu, na sumu ya kuvu hushambulia ini. Utapima ini la panya, utaona limedhurika, na utaandika kwamba mwarobaini ndio uliolidhuru. Jani likikatika kwa mlio ukilikunja, limekauka. Saga, chekecha, weka kwenye mfuko usioingiza hewa.

Sasa dondoo. Wengi hukimbilia ethanoli au methanoli kwa kuwa hutoa kemikali nyingi, kisha huandika kwamba "dawa ya asili ni salama". Lakini bibi anayeugua homa hakunywa ethanoli; alinywa maji yaliyochemshwa. Kama lengo ni usalama wa kile watu wanachotumia, andaa kama wao. Hapa: unga gramu 100 kwa lita 1 ya maji, chemsha kwa moto mdogo dakika 15, acha ipoe, chuja kwa shashi iliyokunjwa mara mbili, kisha kwa karatasi ya Whatman namba 1. Kausha kwa mashine ya kukaushia kwa baridi. Kama haipo, mimina kwenye trei pana kina kisichozidi milimita 5, weka kwenye oveni ya nyuzi 40 hadi 45. Kina kikizidi, kimiminika kitachacha kabla hakijakauka, na utakitambua kwa harufu ya togwa na mapovu madogo kingoni. Kikichacha, mwaga, anza upya.

Pima unga wa dondoo uliopatikana. Gramu 15 kutoka kwenye majani gramu 100 ni asilimia 15, na namba hiyo iandikwe kila mara unapotengeneza fungu jipya. Fungu moja likitoa asilimia 15 na lingine 7, hayo ni madondoo mawili tofauti, usiyachanganye katikati ya jaribio. Dondoo kavu hunyonya unyevu upesi na kugeuka kama lami. Liwe kwenye chupa nyeusi yenye silika jeli, kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Hesabu ya dozi

Anza na kikombe cha mtumiaji. Chemsha kama anavyochemsha, chukua kikombe kimoja, kausha chote, pima kilichobaki. Tuseme imebaki gramu 0.75 na mtu hunywa vikombe viwili kwa siku: gramu 1.5. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni miligramu 25 kwa kila kilo ya mwili. Panya huchoma dawa haraka kuliko mtu, hivyo dozi yake kwa kilo huzidishwa kwa 6.2, kigezo kinachotokana na eneo la ngozi ya mwili: 25 × 6.2 = 155. Sasa unajua kwamba miligramu 155 kwa kilo ya panya ndiyo inayolingana na vikombe viwili vya mtu. Kazi nyingi hazina namba hii, na bila hiyo dozi za 200, 400 na 800 ni namba zilizookotwa tu.

Ujazo wa kunywesha ni mililita 1 kwa kila gramu 100 za panya. Kwa miyeyusho ya maji unaweza kufika mililita 2. Panya wa gramu 180 kwa dozi ya miligramu 2000 kwa kilo anahitaji:

0.180 × 2000 = miligramu 360.

Ukitumia mililita 1.8, mchanganyiko wako uwe miligramu 200 kwa mililita. Ukweli ni kwamba dondoo la majani la kiwango hicho ni uji. Huziba sindano na kubaki kwenye kuta za bomba. Afadhali miligramu 100 kwa mililita, umpe mililita 3.6. Ujazo kwa gramu 100 ubaki uleule kwa makundi yote, kinachobadilika kiwe ukali wa mchanganyiko. Ukifanya kinyume, wa dozi kubwa watakuwa wamejazwa tumbo na wa dozi ndogo hawakujazwa.

Dondoo lisiloyeyuka kwenye maji husimamishwa kwa selulosi ya karboksimethili (CMC) ya asilimia 0.5, au kwa Tween 80 kidogo, kiowevu kinachosaidia vitu kuchanganyika na maji. Kiowevu hicho hicho lazima wanyweshwe kundi linganishi, yaani panya wasiopewa dondoo. Tengeneza mchanganyiko mpya kila asubuhi. Wa jana una bakteria.

Kabla ya kuagiza panya, hesabu kama dondoo litatosha. Jaribio la siku 28 lenye dozi za 150, 400 na 1000, panya 10 kila kundi, wastani wa gramu 220: kwa dozi ya 1000 ni gramu 2.2 kwa siku, yaani gramu 61.6 kwa siku 28. Kwa 400 ni gramu 24.6, kwa 150 ni 9.2. Ongeza kundi la kupumzishwa la dozi ya juu, litakaloachwa bila dawa baada ya siku 28, gramu 61.6 nyingine. Jumla gramu 157. Ongeza robo kwa kinachomwagika na kubaki kwenye vyombo, unafika gramu 200. Kwa uzalishaji wa asilimia 15 unahitaji unga wa majani kilo 1.3 na zaidi kidogo. Kausha kilo 1.5 kwa mpigo mmoja. Kuishiwa dondoo siku ya 19 ni ajali ya kawaida kabisa, na haina dawa.

Panya na banda

Kwa jaribio la dozi moja tumia majike ambao hawajazaa na hawana mimba, wa wiki 8 hadi 12. Majike huchaguliwa kwa kuwa pale tofauti inapokuwepo, mara nyingi wao ndio wanaodhurika upesi zaidi. Uzito wa kila mmoja usizidi wala kupungua wastani kwa zaidi ya asilimia 20. Joto la chumba nyuzi 22, juu au chini kwa 3. Unyevu asilimia 30 hadi 70. Taa ziwashwe saa 12 asubuhi na kuzimwa saa 12 jioni. Dar es Salaam au Mombasa bila kiyoyozi chumba hufika nyuzi 32 na panya huacha kula. Ukiona kundi linganishi nalo linakonda, tazama kipimajoto kabla ya kutazama kitu kingine.

Wape siku 5 au zaidi za kuzoea vizimba. Siku hizo zitumie kuwashika mara kwa mara, maana panya aliyezoea mkono hunyweshwa kwa sekunde kumi na asiyezoea hupigana.

Maranda ni jambo linalosahauliwa. Yale ya bure kwa fundi seremala mara nyingi ni ya paini, na mafuta yenye harufu yaliyomo kwenye paini mbichi au mwerezi huamsha vimeng'enya vya ini la panya. Unaweza kupata ini zito kwa makundi yote na usijue linatoka wapi. Tafuta maranda ya mti usio na harufu, yaliyokaushwa kwa moto, na uhakikishe hayakutoka kwenye mbao zilizopakwa dawa ya mchwa.

Weka alama mkiani kwa kalamu ya wino usiofutika na uirudie kila siku ya tatu, kwani huisha. Wanaotumia asidi ya pikriki kupaka manyoya wasiiache ikauke kwenye chupa, ikikauka hulipuka.

Kugawa makundi: pima wote, wapange kwa uzito, kisha piga kura ndani ya kila ngazi ya uzito. Kuingiza mkono na kushika anayekuja kwanza si kura. Anayekuja kwanza ni mpole, au mgonjwa.

Kunywesha

Panya wengi waliowahi kuandikwa kwamba wamekufa kwa dawa, waliuawa hapa.

Unahitaji sindano butu ya chuma yenye kishanga mwishoni, namba 16 au 18 kwa panya mkubwa, urefu wa milimita 75 hivi. Iweke ubavuni mwa panya, ncha ikianzia mdomoni; inapofika ubavu wa mwisho, zungushia utepe mdogo. Utepe huo ndio mwisho wa safari. Vuta dondoo polepole, gonga bomba mapovu yapande, yasukume nje; povu la dondoo la majani linaweza kula sehemu nzuri ya dozi bila wewe kujua. Futa nje ya sindano ili panya asionje uchungu na kuanza kurusha kichwa, maana mwarobaini ni mchungu kwelikweli.

Shika ngozi legevu ya shingo na mabega kwa kidole gumba na vidole viwili, nyanyua mwili usimame wima, kichwa kilalie nyuma kidogo hadi mdomo, koo na tumbo viwe mstari mmoja. Ngozi isivutwe hadi pumzi ikabwe. Ingiza sindano pembeni mwa mdomo, kwenye mwanya ulio nyuma ya meno ya mbele, itelezeshe juu ya ulimi kuelekea kaakaa hadi nyuma ya koo. Subiri. Panya atameza, na sindano itashuka karibu kwa uzito wake yenyewe. Ikigoma, usisukume hata kidogo. Itoe, mwache apumue, anza tena. Sindano iliyo kwenye umio hushuka laini hadi kwenye utepe. Iliyo kwenye njia ya hewa husimama mapema, na panya hutapatapa kwa namna nyingine kabisa. Ikiwa ndani, sukuma dondoo taratibu kwa sekunde tatu hadi tano, toa kwa kufuata njia uliyoingilia.

Akikohoa, kimiminika kikitoka puani, au midomo ikigeuka buluu, dondoo limeingia mapafuni. Akifa ndani ya dakika chache, mpasue papo hapo, usisubiri jioni. Povu kwenye bomba la hewa, mapafu yenye mabaka mekundu, au maji ya kijani ndani ya kifua kupitia tundu la umio: hicho ni kifo cha mkono wako. Kiandike hivyo na usikihesabu kama kifo cha dawa. Asiyepasua hawezi kutofautisha, na ndipo mmea usio na kosa unapopewa sifa mbaya.

Anayejifunza afanye mazoezi kwanza kwa maji safi, akiwa na mtu mzoefu, hadi anyweshe panya kumi mfululizo bila tatizo.

Jaribio la dozi moja

Jioni ya kuamkia siku ya jaribio ondoa chakula, acha maji. Panya hula hata maranda yakiwa na punje za chakula, kwa hiyo badilisha maranda pia. Panya wadogo, mausi, wasilale na njaa: saa 3 hadi 4 zinawatosha. Pima uzito baada ya kufunga, si kabla; dozi hutokana na uzito wa asubuhi hiyo. Baada ya kunywesha subiri saa 3 hadi 4 ndipo urudishe chakula.

Ngazi za dozi ni miligramu 5, 50, 300 na 2000 kwa kilo. Kama mmea una historia ndefu ya kunywewa na hakuna tetesi ya madhara, anza na 2000. Kama hujui, anza na 300. Mbegu za mwingajini, kwa mfano, zinajulikana kudhuru misuli ya mifugo. Kuanza na 2000 hapo ni kuwaua panya kwa makusudi. Nywesha majike watatu. Wakifa wawili au wote kwa 2000, shuka 300. Akifa mmoja au asife yeyote, rudia kwa wengine watatu kwa dozi ileile ya 2000. Wakipona tena wote au akafa mmoja tu, umemaliza: kwa panya sita unaweza kusema dozi ya kuua nusu ya panya imezidi miligramu 2000 kwa kilo. Usinyweshe watatu wa pili hadi uhakikishe wa kwanza wanaishi. Saa 48 ni za chini. Sumu ya ini inaweza kujionyesha siku ya tatu.

Njia ya zamani ya OECD namba 401, iliyoteketeza panya wengi ili kupata namba moja, ilifutwa mwaka 2002. Vyuo vyetu bado vinapenda njia ya Lorke ya mwaka 1983. Ni rahisi na ya haraka, lakini awamu yake ya pili humtumia mnyama mmoja mmoja kwa kila dozi, na mmoja akifa kwa sindano mbaya hesabu nzima inapinda.

Tazama panya angalau mara moja ndani ya dakika 30 za mwanzo, mara kwa mara katika saa 4 za kwanza, kisha hadi saa 24, kisha kila siku kwa siku 14. Andika unachokiona, usiandike maana yake: manyoya kusimama, kujikunyata kona, kutetemeka, mate, kuhara, kupumua kwa kasi, kusinzia, degedege. Ukoko mwekundu kuzunguka macho na pua si damu. Ni majimaji yenye porfirini kutoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho, na hutoka panya anapokuwa na dhiki yoyote. Lowesha pamba, futa, andika "machozi mekundu". Choo cha kijani saa chache baada ya kunywa dondoo la majani nacho ni rangi tu, mradi kina umbo.

Pima uzito siku ya 0, 7 na 14. Panya mchanga asiyeongezeka uzito kwa wiki ana tatizo hata kama anakimbia kizimbani. Anayelala ubavu asiinuke, au mwenye degedege zisizokoma, auawe kwa huruma na ahesabiwe kama aliyekufa. Kumwacha hadi asubuhi hakuongezi taarifa yoyote, na mzoga uliooza usiku haufai kupasuliwa.

Siku 28

Watu hawanywi mwarobaini mara moja. Hapa wanaingia madume na majike, watano kwa watano, makundi manne: kiowevu tu, 150, 400 na 1000. Ongeza makundi mawili ya kupumzishwa, la kiowevu na la 1000, ambayo baada ya siku 28 huachwa siku 14 bila dawa ili uone kama madhara yanarudi nyuma. Jumla panya 60. Wawe chini ya wiki 9 jaribio linapoanza.

Nywesha kila siku saa ileile, tuseme saa 3 asubuhi, siku zote saba za wiki. Jumapili pia. Jaribio lenye mapengo ya Jumapili linaonekana wazi kwenye daftari la dozi. Pima uzito mara moja kwa wiki au zaidi, na urekebishe dozi kila unapopima, kwa sababu dume wa Wistar huongezeka kwa kasi na dozi ya siku ya kwanza humpunja wiki ya tatu. Pima pia chakula: weka kiasi kinachojulikana, pima kilichobaki na kilichomwagwa. Uzito ukishuka pamoja na chakula, huenda uchungu umemkatisha hamu. Uzito ukishuka huku chakula kikibaki kilekile, tafuta ndani ya mwili.

Siku ya kupasua

Wafungishe usiku kucha. Changanya makundi kwenye foleni: mmoja wa kiowevu, mmoja wa 150, na kuendelea. Wote wa kiowevu wakipasuliwa asubuhi na wa 1000 saa kumi jioni, utakuwa umepima njaa na saa, si dawa.

Nusukaputi ni ketamini miligramu 80 na zailazini miligramu 10 kwa kilo, sindano ya tumboni. Bana kidole cha mguu; asipovuta mguu, endelea. Chota damu kutoka moyoni kwa kuvuta taratibu. Kuvuta kwa nguvu, au kuisukuma damu kupitia sindano nyembamba, hupasua chembe nyekundu, na hapo potasiamu na kimeng'enya AST hupanda bila ini kuwa na kosa. Maji ya damu yanayojitenga ikiganda, yaani seramu, ukiwa na rangi ya juisi ya ukwaju au waridi badala ya manjano hafifu, andika na ufikirie mara mbili kabla ya kutumia majibu yake.

Damu ya kuhesabu chembe iende kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau yenye EDTA, inayozuia damu kuganda, igeuzwe pole mara nane, isitikiswe. Ya kemia iende kwenye chupa ya kifuniko chekundu, isimame dakika 30, izungushwe kwenye sentrifuji mizunguko 3000 kwa dakika kwa muda wa dakika 10. Pima ALT, AST na ALP, vimeng'enya vinavyopanda kwenye damu ini likidhurika, pia albumini, protini yote, urea, kreatinini, glukosi, kolesteroli, sodiamu na potasiamu.

Panya akiwa bado kwenye usingizi, hakikisha amekufa kabla ya kuondoa viungo. Tazama kwanza kwa macho: rangi ya ini, madoa, maji tumboni, ukuta wa tumbo la chakula. Toa ini, figo, tezi za juu ya figo, moyo, wengu, thaimasi, ubongo, korodani na epididimisi. Ondoa mafuta yaliyoshikamana, kausha kwa karatasi ya kuchujia, pima mara moja kabla havijakauka. Tezi ya juu ya figo hukauka ndani ya dakika na uzito wake hubadilika kabisa. Viungo viingie kwenye formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi, mara 10 ya ujazo wao. Ini likatwe vipande visivyozidi nusu sentimita, la sivyo katikati huoza. Korodani zisitiwe kwenye formalini, kwani hupoteza umbo. Tumia kiowevu cha Bouin au cha Davidson kilichorekebishwa. Kwa mwarobaini hili si dogo, maana uwezo wake wa kupunguza uzazi wa panya dume umechunguzwa mara nyingi.

Mizoga na maranda yaende kwenye tanuri la kuchomea taka za maabara, si jalalani.

Kusoma namba

Linganisha kila dozi na kundi la kiowevu la jinsia ileile, kwa uchambuzi wa takwimu uitwao ANOVA ukifuatiwa na kipimo cha Dunnett. Kisha weka takwimu kando na uulize maswali ya kawaida. Je, badiliko linakua dozi inapokua? ALT iliyopanda kwa dozi ya 150 pekee na kuwa sawa kwa 1000 pengine ni panya mmoja mgonjwa. Rudi kwenye daftari umtafute. Je, kiungo na damu vinaongea lugha moja? Ini zito lenye vimeng'enya vya kawaida na chembe nzima linaweza kuwa limezoea kufanya kazi zaidi. Ini zito, ALT mara tatu ya kawaida, na chembe zilizokufa kwenye hadubini ni madhara. Je, waliopumzishwa siku 14 walirudi sawa? Mtu anayesoma slaidi za viungo asijue slaidi ipi ni ya dozi ipi.

Kosa kubwa la ripoti ni neno "salama" kuandikwa kwa sababu panya sita hawakufa kwa 2000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake walitumia dawa za kupunguza unene zilizokuwa na mmea wa Aristolochia. Hawakuanguka siku hiyo. Figo zilikufa baada ya miezi, na saratani ya njia ya mkojo ikafuata miaka baadaye. Hakuna jaribio la dozi moja, wala la siku 28, linaloahidi kuikamata sumu ya namna hiyo, wala madhara kwa mimba, wala mgongano na dawa ambazo mgonjwa tayari anatumia.

Andika kile panya walichoonyesha: "Dondoo la maji la majani ya Azadirachta indica, fungu namba fulani, halikusababisha kifo kwa panya majike kwa dozi moja ya miligramu 2000 kwa kilo. Kwa siku 28, dozi ya miligramu 400, takriban mara mbili na nusu ya matumizi ya vikombe viwili kwa siku, haikuonyesha madhara. Kwa 1000 ALT ilipanda kwa madume." Namba za mfano huo zibadilishwe na zako. Kisha chukua gramu 20 za dondoo lilelile, zifunge, ziandike tarehe na namba ya sampuli ya hebaria, zirudishe kwenye friza. Mwingine akirudia kazi yako na kupata majibu tofauti, chupa hiyo ndiyo itakayofunguliwa kwanza.